Sekela na Manyoya ya Zimwi

Sogeeni motoni, na mbishi akalale nje! Hapo kale, milimani kwenye umande wa barafu, zimwi la manyoya ya uchawi yasiyopitisha baridi lilimfungia Sekela pangoni pamoja na sungura wake aliyezaa vitoto saba, vitupu, vinatetemeka.

“Kikifa kimoja kwa baridi, navila vyote, na wewe juu!” likanguruma, likalala mlangoni.

“Basi nikukune mgongo, babu.”

Akakuna, akanyofoa manyoya, akavifunika vitoto, kama sungura anavyojinyofoa tumboni. Akakuna tena, akanyofoa. Akakuna mara ya tatu, zimwi likabaki uchi kama yai.

“Mjukuu, mbona nasikia baridi?”

“Uzee huo, babu. Kaote jua.”

Likatimka. Sekela akatoka na sungura wake na vitoto vyote saba, vya moto kama maandazi. Nimemaliza, asiyeamini akalipapase zimwi mgongoni.