Fisi na Udongo Unaomeza Moshi

Mwaka ule mvua iligoma, na moshi nao ukazidi. Simba alikuwa anachoma nyika ili swala wakimbilie mdomoni mwake, maana mfalme kukimbizana na kitoweo eti ni aibu. Wanyama wakamkalia kikao, wakaamua: kila anapochoma, mchomaji atamlipa paja la nyama kila mtunzaji wa bonde lenye udongo mzima, kwa sababu udongo mzima unameza moshi. Simba akakubali chapchap. Kwake kulipa kulikuwa rahisi kuliko kuacha.

Fisi kusikia paja, mate yakamdondoka. Akakimbilia bonde la Kitope, akatangaza kuwa ni lake na kwamba udongo unapumzika: hakuna kula majani, kukanyaga wala kunya. Pundamilia, aliyekuwa ananyonyesha, akamuuliza maziwa atayatoa wapi. Akamweleza pia kwamba udongo wenyewe unaishi kwa kwato zao na mavi yao.

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo mama, mavi yako ndiyo yanasafisha hewa? Hebu ondoka na kinyesi chako."

Pundamilia akahamia kwenye mawe, mtoto akabaki mbavu tupu. Huku bondeni Fisi ananenepa, paja baada ya paja. Majani yakazeeka yamesimama, mende wa mavi wakahama, ardhi ikakakamaa kama sakafu.

Sungura, mjanja wa siku zote, hakugombana na Fisi. Alienda kwa Simba, akamsifia weee, kisha akashangaa mfalme gani analipia bonde ambalo hajaliwekea alama ya kucha zake. Simba akavimba kichwa. Kesho yake akaja na wanyama wote, akatanua kifua, akaparua ardhi kwa nguvu.

Ukucha ukang'oka. Ardhi haikutoa hata vumbi.

"Fisi," Simba akasema taratibu, anaficha mguu. "Huu ndio udongo ninaoulipia?"

"Unapumzika, mkuu."

"Umekufa huo," Sungura akasema. "Mkuu amekuwa akilipia kaburi."

Nyani wakaangua kicheko, na kwa Simba kuchekwa ni kubaya kuliko kidonda. Akaamuru Pundamilia na mwanawe warudi bondeni, na Fisi asombe mavi kwa mdomo wake mpaka nyasi ziote. Wanyama nao wakamgeukia Simba: bonde la kumeza moshi wake hakuna, basi azime moto, akimbie kama wenzake. Akakimbia, anahema kama kiboko mlimani.

Na kila asubuhi Fisi alifika kwa Pundamilia, kichwa chini.

"Shikamoo, mama. Leo kuna mzigo?"

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.