Kiboko wa Meza Tano

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na nini?"
"Na vitabu!"
"Vikasomwa na nani?"
"Na mchwa!"

Haya, chekeni. Sange hakucheka. Sange ni yule mnyama mdogo wa pua ndefu, na alikuwa akifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Mwituni mwaka wa saba sasa, na miaka yote saba alikuwa wa majaribio. Hakuwa na barua ya kuthibitishwa kazini. Asiye na barua hapewi chakula, anaokota yaliyodondoka.

Mkutubi Mkuu alikuwa Kiboko. Maktaba ilikuwa na meza tano, kila meza na kibao cha jina la mwenyewe, na tenga la majani mabichi kila siku. Mtumishi mmoja akazeeka, wa pili akafa, wawili wakachoka wakajiondokea. Wakaajiriwa wengine? Thubutu! Kila meza ilipobaki wazi, Kiboko alibandika kibao chake. Meza ya kuazimisha: Kiboko. Meza ya orodha: Kiboko. Meza ya magazeti: Kiboko. Meza ya barua, yenye muhuri: Kiboko. Meza kubwa ilikuwa yake tangu zamani. Matenga matano akayala yeye. Kazi ya meza tano akaifanya Sange.

"Mzee, barua yangu?"

"Bado unajifunza, mwanangu." Kafu, kafu, kafu, anatafuna.

Masika yakapita, kipupwe kikapita.

"Mzee, barua yangu?"

"Bado unajifunza." Kafu, kafu, kafu.

Sange akakonda hadi mbavu zikahesabika.

Ndipo likaja Baraza la Chuo, mbele yao Tembo. Desturi ya ukaguzi ilikuwa hii: kila mwenye kibao asimame mezani pake, afanye kazi yake Baraza likitazama.

Kiboko jasho likamtoka. "Sange, mwanangu, leo nishikie meza nne."

"Mimi, Mzee?" Sange akainamisha pua. "Mimi si bado ninajifunza? Nitakuaibisha bure. Ila kila kitu nimekupangia mezani. Wewe ni kuchapa kazi tu."

Na kweli alipanga. Kwenye meza ya barua alirundika barua za kuwaonya waliochelewesha vitabu, na katikati akachomeka moja aliyoiandika mwenyewe.

Tembo akaita, "Meza ya kuazimisha, nani?"

"Mimi!" Gubu, gubu, gubu, Kiboko huyo.

"Meza ya orodha, nani?"

"Mimi!" Gubu, gubu, gubu.

"Meza ya magazeti?"

"Mimi!" Anahema, ulimi nje.

"Meza ya barua?"

"Mi... mi!" Alifika hana pumzi, wapi atasoma? Akanyakua muhuri. Pa! Pa! Pa! Pa!

Tembo akainua karatasi moja. "'Sange amethibitishwa kazini kuanzia leo.' Muhuri huu ni wako, Kiboko?"

Kiboko akaduwaa. Akisema si wake, basi na meza si yake, na tenga si lake.

"Wangu," akasema.

"Meza kubwa?"

Akatimua mbio, akakata njia katikati ya rafu, kwacha! Akakwama. Rafu ikaangukia rafu, vitabu vikamporomokea, po, po, po, po. Wakamvuta mkia, wakamtoa, na siku hiyohiyo wakamfukuza kazi.

Sange alikuwa ameikumbatia barua yake. "Waheshimiwa, sasa mtaajiri wengine wanne?"

"Wanne wa nini?" Tembo akashangaa. "Tumeona kwa macho yetu meza tano zimeshikwa na mmoja, tena mzito vile. Wewe mwepesi. Nafasi nne tumezifuta, na matenga yake. Hongera sana, bwana."

Wakaenda zao. Sange akabandua vibao vya Kiboko, akabandika vyake, kimoja, kimoja, hadi vitano. Mlangoni wanafunzi walishapanga foleni, wanagonga. Ko, ko, ko.

Funzo lake? Watoto, msighushi barua. Na mkubwa wako akikwambia bado unajifunza, msadiki: anakuhurumia.

Hadithi yangu naiacha hapo rafuni. Anayeitaka aichukue mwenyewe, maana mezani hakuna mtu.