Pimbi, Kiboko na Posta ya Mlimani

Paukwa!
—Pakawa!
Palikuwa na nini?
—Palikuwa na posta!
Ipo bado?
—Tuambie wewe!
Haya, sogeeni niwaambie.

Hapo kale Pimbi alikuwa karani wa posta ya Mlimani. Mdogo, mkia hana, ila ulimi anao. Mizigo ikifika, anaigonga mhuri, gwa! gwa! Halafu anaita majina.

Jina aliloliita kwa furaha kuliko yote ni la Bi Kanga. Bi Kanga alikuwa na pumu. Akipumua, hii-hee, hii-hee, utadhani mlango unaolia. Mwanawe, Chogo, alifanya kazi mji wa mbali, na kila mwezi alimtumia dawa ya kifua. Bi Kanga akiinywa, anapata usingizi.

Siku moja akaja Kiboko, Waziri wa Mfalme Simba. Ndi! ndi! ndi! Akatazama posta, akasonya.

"Haina faida hii. Funga!"

"Mheshimiwa, na mizigo ya watu?"

"Waifuate Mtoni."

Mtoni ni mwendo wa siku mbili. Kufuli likalia, kacha! Kiboko akaondoka na ufunguo.

Pimbi akamfuata Kiboko kwake. "Mheshimiwa, Bi Kanga hawezi kutembea."

"Hilo ni la Mfalme."

Akaenda langoni kwa Mfalme. "Hilo ni la Waziri."

Akarudi kwa Waziri. "Hilo ni la Mfalme."

Akarudi kwa Mfalme. "Kwani Waziri amelala? Rudi kwake."

Pimbi akaenda Mtoni mwenyewe. Akakuta magunia yamerundikana, yamefungwa kwa lakiri, nta ya mhuri wa posta, na mlinzi kakataa lisiguswe hata moja bila amri. Pimbi akakaa chini, akawaza. Akainuka, akaenda kwa Kiboko mara ya mwisho.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimekuja kukupa hongera ya matikiti."

Kiboko akafumbua jicho. "Matikiti gani?"

"Aliyokutumia mkweo. Yamo ndani ya magunia Mtoni. Harufu yake, lo! Ila yameandikwa Posta ya Mlimani. Gunia likifunguliwa kwingine, Mfalme atasema Waziri kaiba."

"Nitatuma watumishi wayapandishe."

"Watume, Mheshimiwa. Watakuletea maganda."

Kiboko akameza mate, gluk! Akajitwika magunia yote mwenyewe. Akapanda mlima, ndi! ndi! fuu! fuu! Akateleza, akainuka. Akateleza tena, akainuka. Wakazi wa Mlimani wakatoka kumtazama Waziri akiwa tarishi.

Akafungua kufuli. Pimbi akakata lakiri, akashika mhuri. Gwa! Swala, pokea! Gwa! Nungunungu, pokea! Magunia yakaisha.

"Matikiti yangu?" Kiboko akanguruma.

"Ah, Mheshimiwa! Si amri yako mwenyewe? Mzigo wa posta iliyofungwa ukikawia hurudishwa ulikotoka. Mkweo ameshayala."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Pimbi naye akacheka. Akainua kifurushi kimoja kidogo alichokiweka kando, akaita kwa sauti ya juu kuliko zote:

"Bi Kanga! Dawa imefika!"

Akachungulia dirishani.

"Bi Kanga!"

Bi Kwale, jirani yake, akaja dirishani pole pole. "Pimbi, baba, hukuambiwa? Ulikuwa njiani. Bi Kanga tumemzika juzi. Usiku wote alikuwa akiuliza kama umerudi."

Pimbi akabaki na kifurushi mkononi. Kicheko kikakatika, watu wakaondoka mmoja mmoja. Kiboko akafunga mlango, kacha! Akashuka na ufunguo wake, na kesho yake akaendelea kuwa Waziri.

"Na Chogo?" Pimbi akamwuliza Bi Kwale. "Nani atamwambia mamaye amekufa?"

"Kwa barua ipi, mwanangu? Ya posta ipi?"

Basi Chogo hajui. Kila mwezi analipwa ujira wake, ananunua dawa ya kifua, anaifunga vizuri, anaandika jina la mama yake, anaituma.

Hadithi yangu imefika. Ikikwama njiani, muulizeni Waziri. Akiwaambia ni ya Mfalme, muulizeni Mfalme. Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: serikali haina kosa. Mgonjwa ndiye mwenye haraka.