Kuhe wa Jiwe la Nyandwi

Sogeeni. Kila mtu na gunzi lake. Mikono ipukuchue, masikio yasikilize. Nikisema "Maji!", nyinyi jibuni "Yametulia!"

Maji!

Yametulia!

Basi yalikuwa yametulia kweli, zamani hizo, kabla babu wa babu yangu hajaota meno. Kando ya ziwa lile kubwa la magharibi waliishi watu, na kila nyumba ilikuwa na jiwe lake. Siyo jiwe la kusagia. Jiwe la kuvulia: mwamba ulioingia majini, mtu anasimama juu yake na mshipi wake wa ndoana. Nyumba yenye jiwe ilikula. Nyumba isiyo na jiwe iliomba.

Kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Nyandwi. Alitoka juu milimani, kwa watu wa mbuzi na maharage, akaolewa ziwani. Mumewe akafa kwa homa, akamwachia watoto wanne na jiwe. Na desturi ya pale ilikuwa hivi. Mwenye jiwe akifa, nyumba yake hupewa siku saba baada ya matanga. Ndani ya siku hizo mtu wa nyumba ile avue kuhe kutoka kwenye jiwe lile. Kuhe mnamjua? Samaki mkubwa wa manjano, mnono, mdomo kama mfuko. Akipatikana kuhe, jiwe linabaki. Asipopatikana, jiwe linakwenda kwa ndugu wa marehemu.

Ndugu wa marehemu alikuwa mmoja tu, Ruhaga. Alilia sana msibani. Alipomaliza kulia akaenda kulipima jiwe kwa hatua.

Wewe uliyekaa mlangoni, punje zinaruka nje. Kuku hawajaalikwa.

Nyandwi alikuwa hajawahi kuvua hata dagaa. Aliachiwa mshipi na ndoana ya mfupa, lakini marehemu hakumwambia chambo chake. Akafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: akauliza.

Siku ya kwanza akamwendea jirani yake Kabura, mvuvi hodari kuliko wote.

"Baba Kabura, kuhe anakula nini?"

Kabura akakuna kidevu, akatazama mawingu. "Kumbikumbi, mwanangu. Kuhe hawezi kumwona kumbikumbi akamwacha."

Nyandwi akakusanya kumbikumbi kikapu kizima. Akatia ndoanani, akatupa, akangoja. Maji yakatulia. Kuhe hakuja.

Siku ya pili akakutana na mke wa Kabura anaosha vyungu.

"Kumbikumbi? Nani kakwambia?"

"Mumeo."

Yule mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwanaume yule! Ini la mbuzi, mwenzangu. Bichi, damu ikidondoka."

Nyandwi alikuwa na mbuzi mmoja. Akamchinja. Watoto wakala nyama, ini likaenda majini. Maji yakatulia. Kuhe hakuja.

Siku ya tatu vijana wa ufukweni wakamwambia unyoya mwekundu wa jogoo. Jogoo akakimbia na nusu ya mkia, kuhe hakuja.

Siku ya nne akaja Ruhaga mwenyewe, uso umejaa huruma.

"Shemeji, mimi siwezi kukuficha. Ugali wa mhogo uliochanganywa na majivu. Finyanga tonge dogo, kama la mtoto."

"Kweli, shemeji?"

"Nikudanganye mke wa ndugu yangu?"

Akafinyanga. Ugali ukayeyuka, majivu yakaelea. Kuhe hakuja.

Kufikia hapo, wanangu, kichwa cha Nyandwi kilikuwa kama chungu cha maharage yanayochemka. Labda kumbikumbi walikuwa wadogo. Labda ini lilikuwa la mbuzi asiyefaa. Siku ya tano asubuhi akachukua vyote pamoja, kumbikumbi, kipande cha ini kilichoanza kunuka, unyoya na ugali, akavifunga kwenye ndoana moja. Kilikuwa kitu kikubwa kama ngumi. Hata samaki wadogo walikikimbia.

Akarudi nyumbani, akaketi mbele ya mama mkwe wake. Yule bibi alikuwa amezeeka, hatoki tena nje, kutwa anatafuna tumbaku.

"Mama, watu wa hapa nimewakosea nini? Kila mtu ananiambia lake."

"Umewauliza nini?"

"Chambo."

Bibi akaacha kutafuna. "Umeuliza chambo? Kwa mdomo?"

"Ningeuliza kwa kitu gani, mama?"

"Mtoto wa milimani! Hapa chambo hakitajwi. Ukikitaja, samaki anasikia, kesho hali. Mtu akikuuliza, unamtajia kingine. Ndiyo adabu. Kila mtu anajua. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua."

"Mimi sikujua."

"Na mimi nilidhani unajua. Miaka kumi umekaa hapa."

"Niliolewa kupika, mama. Nani angeniambia?" Nyandwi akafikiri kidogo. "Sasa, mama, chambo cha kweli ni kipi?"

 Bibi akatafuna tena, taratibu. Kisha akasema, "Panzi."

Nyandwi akamtazama. Bibi akamtazama Nyandwi. Na Nyandwi hakujua kama ameambiwa ukweli au amefanyiwa adabu.

Msinicheke mimi, mimi nasimulia tu. Mpaka leo sijui wale watu walikuwa wema au wabaya. Hawakumchukia. Walimjibu kama walivyofundishwa, wakaenda kulala vizuri. Yeye ndiye alikuwa na watoto wanne.

Siku ya sita akajaribu panzi. Kuhe hakuja. Basi Nyandwi akachoka. Akaweka mshipi chini, akalala kifudifudi juu ya jiwe, akachungulia majini. Siku tano alikuwa ametazama midomo ya watu. Sasa akatazama maji.

Na kuhe walikuwepo! Wawili, dume na jike, chini kabisa ya jiwe, juu ya mchanga. Panzi wake alizama mbele ya pua zao, wasigeuke. Hawakuwa na njaa hata kidogo. Walikuwa wanazunguka, wanazunguka, na katikati yao lilikuwepo wingu dogo linalotetemeka. Watoto! Vijisamaki vidogo kama mbegu za mchicha, mamia kwa mamia.

Kisha akatokea samaki mmoja mweusi, mwembamba kama kidole, mwizi. Akajongea kwenye lile wingu. Loo! Kuhe alimrukia, pa! Akamkamata mdomoni, akamtikisa, akamtema mbali.

Nyandwi akasema, "Kumbe."

Akaenda nyumbani. Akatwaa ngozi nyeusi ya mbuzi aliyobebea watoto wake wote wanne, akakata ukanda mwembamba kama kidole. Akaulowesha ukalainika, akaushona kwenye ndoana.

Siku ya saba akafika ufukweni, akamkuta Ruhaga amekwisha kuketi juu ya jiwe. Amekuja na kigoda chake.

"Shemeji, nimekuja mapema tu," akasema. "Nione jua linapiga wapi."

"Inuka kidogo, shemeji. Mshipi unapita hapo."

"Bado unajaribu? Ugali ulikuwa laini, eeh?"

 Nyandwi akashusha ule ukanda polepole, ukagusa mchanga. Akauvuta kidogo, ukatikisika. Akauvuta tena, ukaingia kwenye wingu la watoto.

Pa!

Mshipi ukamkata kiganja. Kuhe akavuta kwenda chini, Nyandwi akavuta kuja juu. Kigoda kikapinduka, Ruhaga akaanguka majini mpaka kifuani. Watu wakakimbia kutoka kila jiwe. Kuhe akatupwa juu ya mwamba, mkubwa kama mtoto anayetambaa, akipigapiga mkia mbele ya watu wote.

Kabura akamgusa kwa kidole cha mguu. "Ni kuhe," akasema. "Jiwe ni lake."

Vijana wakachungulia majini, wakamwona yule wa pili. "Mama, tupa tena! Kuna mwingine, ana hasira, atakamata sasa hivi!"

Nyandwi akachungulia. Kuhe aliyebaki alikuwa anazunguka peke yake, mbio, akiziba upande huu, akiziba upande ule. Yule mwizi mweusi alikuwa amerudi, na wenzake wawili.

Akakunja mshipi.

"Mwacheni," akasema. "Wale wadogo wakiliwa leo, watoto wangu watakula nini mwakani?"

Akambeba samaki wake begani, akaenda kupika.

Basi, wanangu, neno la hadithi ni hili: mtu mwenye shida huuliza kila mlango, na kila mlango humjibu kwa desturi zake. Uliza, lakini ukishauliza, lala kifudifudi utazame mwenyewe.

Hadithi imefika ufukweni. Mimi nimeishusha, nyinyi ibebeni. Na haya magunzi yapelekeni jikoni.