Plau Haipimwi Uani

"Plau haipimwi uani." Jana shangazi yenu aliitamka methali hiyo mlipomcheka mkwe mpya kwa ukimya wake, na leo mnaniuliza imetoka wapi. Ilianza hivi, hapahapa Mbozi, na kosa lililoizaa ni langu. Chekeni mmalize, kisha mnisikilize.

Nilikuwa fundi kijana mwenye majivuno. Chama chetu cha wakulima kilinunua trekta dogo la bustani, refu kidogo tu kuliko kitanda, likaja na plau yake ya jembe moja. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuifunga.

Wa kwanza kupangiwa trekta alikuwa Mama Tusayiwe, mjane. Ng'ombe wake wa kulimia walikufa kwa ugonjwa wa ndigana mwaka uleule aliofiwa na mume, na shamba likalala misimu miwili. Shemeji yake, Mzee Mwazembe, alikwisha kumwambia mbele ya ukoo kwamba likilala msimu wa tatu atanyang'anywa. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na trekta alipewa kwa siku moja tu. Kama asingelima siku ile, angebakiwa na nyumba na kaburi la mumewe tu.

Plau niliifungia uani kwake, mahali palipofagiliwa vizuri. Nikatoa pima maji, nikakaza na kulegeza nati hadi kiputo cha hewa kikatulia katikati. Niliwaita hata majirani waje waone. Tulipoingia shambani, mstari wa kwanza ulitoka umenyooka, wakanipigia vigelegele, kichwa kikanivimba.

Mstari wa pili ukaniumbua. Gurudumu la kulia liliingia kwenye mtaro tuliokwisha kuulima, la kushoto likabaki juu, kwenye ardhi ngumu. Trekta likainama upande mmoja, na plau nayo ikainama. Ikawa inazama huku na kuparaza kule, nyasi zikabaki zimesimama. Nikarudi uani kupima upya: kiputo katikati! Nikarudi shambani: mambo yaleyale. Nilifanya hivyo mara tatu, hadi jua likafika utosini.

Mzee Mwazembe alikuwa amesimama mpakani na fimbo yake.

"Shemeji, usijitaabishe," akasema. "Tangu msibani nilijua shamba hili hutaliweza. Hata kikombe cha uji kilikushinda kukishika."

Mama Tusayiwe alikuwa amechuchumaa mtaroni, akilitazama gurudumu.

"Mwanangu," akaniambia, "plau unaipimia wapi?"

"Uani, mama. Ndiko kuliko sawa."

"Na inalima wapi?"

Nikaligeukia shamba.

"Baba Tusayiwe alipolima, ng'ombe wa kulia alitembea mtaroni, wa kushoto juu. Hakuwahi kuikaza plau kabla ng'ombe hawajashika nafasi zao."

"Mama, hii ni mashine, si ng'ombe."

"Basi mbona inatembea mtaroni kama ng'ombe?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikalisimamisha trekta palepale, gurudumu moja chini na jingine juu, nikalegeza nati, nikaiinua plau upande mmoja hadi ikawa sawa na ardhi badala ya kuwa sawa na trekta. Ungeitazama kwa nyuma, ungesema imefungwa na mlevi. Mzee Mwazembe akacheka hadi akakohoa.

Nikawasha. Udongo ukapinduka mweusi, mzito, mstari ukalala juu ya mwenzake bila kuacha unyasi. Kwenye mstari wa nne, Mama Tusayiwe akaniambia nishuke nimwelekeze. Akashika usukani mwenyewe, nami nikamfuata kwa miguu. Mikono ile iliyoshindwa kikombe msibani ilinyoosha mstari baada ya mstari. Mpaka jioni, shamba zima lilikuwa limelimwa.

Mzee Mwazembe hakuwa ameondoka. Alikuja polepole, akavua kofia.

"Shemeji, sikujua kama unaweza."

"Ungejuaje?" akamjibu bila hasira. "Ulinipima msibani."

Mzee aliitazama ile plau iliyokaa pogo. Nilimwonea huruma, kwa kuwa aibu yake na yangu ilikuwa moja.

Jumapili akauita ukoo, akatangaza kwamba shamba ni la Mama Tusayiwe na asiwepo wa kumgusa tena. Wakamuuliza amebadilishwa na nini. Akawajibu kwa maneno matatu tu:

"Plau haipimwi uani."