Jina Alilotoa Keturah

Mwaka wa 1868, mjini Bradford, hapakuwa na mtu aliyejivunia jina lake kama Mzee Josiah Lavender, mwenye kiwanda cha kufuma sufu. Kila mgeni aliyeketi mezani pake alielezwa kwamba ukoo wa Lavender ulivuka bahari pamoja na mashujaa wa Kinormani walioiteka Uingereza zamani, juu ya farasi, panga mkononi. Ushahidi hakuwa nao. Marehemu babake, Tobias, alikuwa msiri kama kaburi.

Binti yake wa pekee, Drusilla, alikuwa ameposwa na Lionel Carbery, mtoto wa kabaila. Wawili hao walipendana kama chanda na pete, lakini mzee Carbery alisisitiza aione nasaba kwanza.

"Nenda kijijini kwa babu yako, mwanangu," Josiah alimwambia. "Kaniletee hao mashujaa kwa maandishi."

Drusilla alipanda treni. Kasisi wa kijiji, mzee mcheshi, akamfunulia daftari la ubatizo: "Januari 1779. Tobias, mtoto aliyeokotwa mlangoni pa kanisa. Amepewa jina la ukoo la Keturah Lavender, mfua nguo, asiye na mume."

"Mfua nguo?" Drusilla alinong'ona.

"Naam. Hata jina lenyewe, zamani ndivyo walivyoitwa wafua nguo. Kama Lavender alivuka na mashujaa, binti yangu, basi alikuja kuwafulia mashati!" Kasisi alicheka, kisha uso ukabadilika. "Walitaka kumpeleka Tobias kwenye nyumba ya maskini, na huko vichanga walikufa kama nzi; Keturah akamchukua amlee. Bibi yangu alikuwa jirani yake Keturah. Alisema kijiji kizima kilimzushia kwamba kamzaa kwa siri. Wateja wakamkimbia. Hakujitetea, wala hakumtupa mtoto. Amezikwa pale kando ya ukuta wa kanisa, hana hata jiwe."

Josiah alipoambiwa, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Neno hilo lisitoke humu! Carbery anakuja kesho. Andika jina jingine!"

"Niandike lipi, Baba? Mtoto hakuwa na jina, mama yule akampa lake, likachafuliwa kwa ajili yake. Leo sisi tumfute?"

Josiah alimpa mgongo. "Baba alikuwa akinusa sabuni ya kufulia, machozi yanamlengalenga," alisema hatimaye. "Sisi tulidhani ni mafua."

Kesho yake aliisoma mwenyewe nasaba ya kweli mbele ya wageni, neno kwa neno. Mzee Carbery akachukua kofia yake. "Mwanangu haoi kwenye beseni la kufulia!" Lionel alitazama sakafu, kisha akamfuata babake.

Drusilla alilia wiki nzima. Josiah alimpelekea chai kwa mkono wake, akaketi naye.

Majira ya kuchipua, baba na binti walisimamisha jiwe pale ukutani: "Keturah Lavender, mama wa Tobias." Wanawake wa kijiji walikuja na maua, mikono yao imechubuka kwa magadi ya kufulia. Ajuza mmoja akamshika Drusilla bega. "Na wewe ni nani, mwanangu?"

"Drusilla Lavender," alijibu, kichwa juu. "Kitukuu cha Keturah."

Ajuza akamkumbatia. Karibu miaka tisini ya masengenyo haikuwa imelizima jina lile. Ama kweli, jina jema hung'ara gizani.