Kiboko Asiye na Mdomo

Hadithi, hadithi!
Njoo!
Ije kwa miguu?
Ije!
Hii haina miguu.
Basi ije ikiogelea!

Haya, inakuja, sogeeni. Hapo kale kiangazi kilikausha mito yote, kikabaki kidimbwi kimoja tu, kando ya chemchemi ya maji moto. Humo aliishi Kiluwiluwi, mtoto wa Chura, kichwa na mkia, miguu bado. Siku hiyo akaja Kiboko, puu, puu, puu! Akatia mguu mmoja tu majini, na maji yakamwagika mchangani, fwaa!

"Weye! Mbona huniamkii?" Kiboko alipenda kuamkiwa kuliko alivyopenda majani.

"Shikamoo, babu."

"Marahabaaa!"

"Babu, ukilala humu maji yataisha, nami sina miguu ya kuhama. Nitakufa."

"Utakufa, ndiyo. Kidimbwi ni changu. Mimi ni mzaliwa wa kwanza wa dunia nzima."

Kiluwiluwi aliogopa. Akatazama huku, akatazama kule, akaona utelezi wa kijani umelala kimya ukingoni. Hapo akakumbuka hadithi ya mama yake.

"Kumbe ndiye wewe! Mama alinisimulia habari zako."

"Alisemaje?" Kiboko akauliza, masikio yamemsimama.

"Alisema hapo mwanzo hapakuwa na jani wala unyoya. Maji ya moto tu, yakitokota, to-ko-to, to-ko-to. Radi ikapiga, mvua ikanyesha, jua likakausha, mvua ikanyesha tena. Mle majini vitu vidogo vidogo vikagusana, vikashikana, vikaachana, vikashikana tena, muda mrefu mno, na hakuna aliyekuwepo kuuona. Ndipo kipovu kimoja kikajifumba, kikawa na ndani na nje. Kikavimba, kikajigawa, vikawa viwili. Vile viwili navyo vikajigawa. Kila vilipojiiga vilikosea kidogo, na katika kukosea huko tukatoka sote, mimi na mkia wangu, wewe na meno yako."

"Kipovu hicho ndicho mimi!" Kiboko akanguruma. "Nakumbuka vizuri sana."

"Lakini babu, kipovu hakikuwa na miguu."

"Basi nami sina!" Akajitupa mchangani, puu!

"Kipovu hakikuwa na macho."

"Basi nami sina!" Akafumba macho.

"Kipovu hakikuwa na mdomo."

Kimya, jii.

Mvuke wa chemchemi ukamfunika, ukamlowesha taratibu. Kiboko akalala, akaota. Akaota yu mwepesi, anaelea katika maji yasiyo na jina, hana njaa, hana wa kugombana naye. Akatabasamu usingizini. Kiluwiluwi alimtazama, akamwonea wivu kidogo, akaendelea kula utelezi, nyofu, nyofu. Siku zikapita. Miguu ya nyuma ikachomoza, ya mbele ikafuata, mkia ukanywea. Kiluwiluwi akawa chura kamili.

Angeweza kwenda zake kimyakimya. Lakini utundu ulimwasha. Akaruka, chupu, mpaka juu ya pua ya Kiboko.

"Shikamoo, babu!"

Maskini Kiboko, angejizuiaje? "Marahabaaa!"

"Ha! Mzaliwa wa kwanza ana mdomo!"

Kiboko akafumbua macho, akaona aibu, akaona hasira, akamrukia. Chura kando, Kiboko kidimbwini, chubwi! Maji yote yakamwagika, fwaa! Chura akaenda zake akicheka, chupu, chupu, chupu. Kiboko akabaki matopeni, amekalia ule utelezi wa kijani. Utelezi haukudai kitu, haukudai hata kuamkiwa. Ulikuwa ukijigawa tu, polepole, kama ulivyojigawa kabla ya sisi sote.

Funzo lake, watoto: msidanganye wakubwa kabla hamjaota miguu. Na waamkieni wazee, hasa waliolala.

Hadithi yangu nayo imeota miguu, imeruka, imekwenda. Atakayekutana nayo aiamkie.